Kebo ilikatika baharini, mishahara ikaonekana ofisini

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama ni mkubwa kwangu, na kama tunalingana basi mambo. Najua ukurasa huu wa barua umezoea foleni ya Mbagala na mgao wa maji, ila leo naomba nafasi niongelee kitu kinachokaa ndani ya kompyuta za maofisini kwetu, na naongea kama mkosaji, sijaja kumfundisha mtu. Kila siku nasikia mfanyakazi analalamika eti taarifa zake zimevuja kazini, mshahara wake unajadiliwa kwenye chai ya saa nne, na mabosi wakiulizwa jibu ni moja tu, "tumedukuliwa". Mi nasema kuna siku mdukuzi hayupo kabisa. Kuna kijana wa IT aliambiwa afiche kitu, akakificha kweli, ila hakukifunga. Najua kwa sababu kijana mwenyewe ni mimi.

Kazini kwetu, jina la kampuni naliacha na langu pia naomba uliache, tunatumia SharePoint. Kwa asiyeijua ni programu ya Microsoft iliyoanza 2001, ofisi inaweka humo nyaraka, fomu za likizo, matangazo, listi za wafanyakazi, na kila mtu anafungua kwenye brauza kama anavyofungua tovuti yoyote. Ya kwetu wakati wa haya mambo ilikuwa toleo la 2016, seva yenyewe ipo ghorofa ya juu kwenye kachumba kenye AC, haipo kwenye wingu, yaani seva za Microsoft zinazofikiwa kwa intaneti. Wafanyakazi tulikuwa kama 140.

Sasa SharePoint inavyokuja inakuja kama nyumba za kota, zote zimefanana, rangi moja, dirisha moja. Ukitaka kuibadilisha kule ndani kwenye seva unahitaji developa, unahitaji kibali, na ukikosea unaangusha ofisi nzima. Kwa hiyo sisi vijana wa IT tukajua njia ya uani. Kwenye ukurasa wenyewe unaweza kuongeza kiboksi cha maandishi, na kiboksi hicho kinakubali JavaScript, lugha ya kuandikia programu za ndani ya brauza, basi unabandika kodi yako pale, kodi ya kompyuta namaanisha sio ya TRA, mtu akifungua ukurasa brauza yake inaisoma na kuifanyia kazi huko huko kwenye mashine yake. Seva haijaguswa, bosi hajasaini kitu, ukurasa umependeza, na yote hayo nusu saa. Watu wakaanza kuniita fundi na mi nikavimba kichwa.

Na sitaki niidharau hiyo kazi, maana kuna mambo ya maana tulifanya kwa njia hiyo. Fomu ya kwanza niliyoichezea ilikuwa 2013, enzi hizo bado tuna toleo la 2010. Fomu ya mawakala wa mikoani ilikuwa na kidirisha cha kuchagua mkoa na kingine cha wilaya, ila wilaya zote za nchi zimemwagwa humo kwa pamoja, mtu anachagua mkoa Kagera halafu wilaya anaweka Newala, na ripoti inapanda hivyo hivyo kwa mkurugenzi. Kulikuwa na laibrari ya bure, yaani kodi zilizoandikwa tayari unazoazima tu, ya Mmarekani mmoja, Marc Anderson, inaitwa SPServices, imejengwa juu ya jQuery, laibrari nyingine maarufu ya JavaScript, kwa mistari michache tu unaiambia wilaya zifuate mkoa. Nikaiweka, nikaongeza na kakodi kangu ka kupaka rangi, kwenye Firefox ikakubali vizuri kabisa, kwenye Internet Explorer ya mkurugenzi ikagoma. Nililala na hiyo kitu siku mbili. Kumbe SharePoint ya wakati ule machaguo yakizidi 20 hivi, Internet Explorer peke yake ilikuwa inachorewa kidirisha cha aina nyingine kabisa, na sisi mikoa ilikuwa 30. Laibrari ya yule jamaa ilikuwa inalijua hilo, kakodi kangu ndo kalikuwa hakajui. Angekuwa mwananchi wa nchi yenye mikoa 15 asingejua maisha yake yote kwamba kuna hiyo shida.

Halafu 2016 Songwe ikakatwa kutoka Mbeya, mikoa ikawa 31. Sikugusa kodi hata herufi moja, maana majina nilikuwa nimeyaweka kwenye listi, hayakuwa ndani ya skripti. Nikaongeza mstari wa Songwe, nikahamisha Mbozi na Ileje na wenzao, nikaenda kula.

Nyingine ni ya mzee wa stoo. Fomu ya kupokea mzigo ilikuwa ya Kiingereza kwa sababu mhasibu mkuu anatoka nje na yeye ndo anaisoma, na kwenye orodha ya lugha za seva yetu Kiswahili hakikuwemo. Pale palipoandikwa "Unit" walitaka ujaze katoni, kilo, dazeni, mzee yeye kila siku anajaza "Stoo B", maana ndo kitengo chake. Na alikuwa sahihi kwa alichokielewa. Nikaweka skripti inayoangalia nani kafungua, akiwa mtu wa stoo maandishi yanageuka Kiswahili, "Kipimo, mfano katoni au kilo", na chini yake maelezo kidogo. Mzee akaniita mezani kwake, nikamwamkia, akaniambia "kijana, sasa hii fomu inaongea na mimi". Mpaka leo ndo sifa ninayoikumbuka kuliko zote.

Naomba uishike hiyo ya mzee, Mhariri, kwa sababu nitairudia. Skripti ya mzee ikigoma kinachotokea ni Kiingereza kurudi. Basi. Hakuna mtu anaumia.

Nije kwenye kosa. Mwaka 2018 tulitengeneza listi ya taarifa za wafanyakazi, kila mtu anaingia anasasisha mwenyewe namba yake ya simu, anapokaa, na mtu wa karibu wa kupigiwa akipata tatizo. Kwa hiyo watu wote walipewa ruhusa ya kuifungua na kuihariri. Mama wa HR akasema itakuwa vizuri na mshahara ukae humo humo ili asiwe na Excel mbili, nikamuuliza na watu wakiuona? Akasema, "mwanangu si ndo nakuambia, wewe ufiche wasiuone". Nikasema sawa mama. Ilikuwa saa nne kasoro, chai inapoa. Nikabandika huu mstari kwenye kurasa za fomu:

$("nobr:contains('Mshahara')").closest("tr").hide();

Kwa lugha yetu unaiambia brauza, tafuta sehemu yenye neno Mshahara, nenda kwenye safu nzima ya jedwali iliyolibeba, ifiche. Alama ya dola pale mwanzo ndo jQuery yenyewe, na jQuery sikuiweka kwenye seva yetu, niliita linki ya bure iliyopo kwenye seva za ng'ambo kama kila mtu alivyokuwa anafanya. Kwa watu wa HR nikaweka sharti mstari usifanye kazi, wao waone. Nikajaribu kwa akaunti ya kawaida, mshahara hauonekani. Mama wa HR akafurahi, akaniletea hadi kitumbua. Yaani ulinzi wa mishahara ya watu 140 ulikuwa umesimama juu ya mstari mmoja na faili moja lililoko nje ya nchi, na ikakaa hivyo miaka sita hakuna aliyeuliza, na mimi nikasahau.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika huko upande wa Afrika Kusini. Nadhani wengi mnaikumbuka hiyo wiki, WhatsApp inazunguka, miamala inagoma, watu wanapanda juu ya ghorofa kutafuta mtandao utafikiri wanatafuta upepo. Jumatatu asubuhi ofisini intaneti hamna, ila SharePoint yetu inafungua maana seva ipo juu tu hapo, mnaongea nayo kwa waya wa ndani. Bosi akasema vizuri, leo kwa kuwa hamna kazi za nje kila mtu aingie asasishe taarifa zake.

Unaona inakoelekea. Brauza inafungua fomu kutoka kwenye seva ya juu, inafika kwenye linki ya jQuery, inaitafuta ng'ambo, kebo imekatika, inazunguka weee mpaka inachoka, halafu inaufikia mstari wangu na kutoa kosa jekundu ambalo mtumiaji hata halioni, linalosema alama ya dola haijulikani. Na mwaka ule kweli dola ilikuwa haionekani mjini, waulize waagizaji wa magari. Mstari umekufa, safu haijafichwa. Mshahara huo hapo, chini ya namba ya simu. Na ukibonyeza jina la mwenzako kwenye listi, wa kwake pia.

Kilichochanganya zaidi ni kwamba wengine waliuona na wengine hawakuuona. Mama wa HR naye akamwomba mtu wa masoko afungue kwake, mshahara hauonekani, akasema hao wanazua. Sababu ni kwamba brauza huwa inatunza mafaili iliyoyashusha zamani, sasa mwenye kompyuta ya muda mrefu alikuwa na jQuery yake ameihifadhi ndani, mstari ukafanya kazi kama kawaida, mwenye kompyuta mpya au aliyesafisha brauza yake juzi ndo aliyeona kila kitu. Mpaka saa nne ilipofika wahasibu wawili wanaokaa meza moja, kazi moja, cheo kimoja, walikuwa hawasalimiani. Sitaki kuelezea zaidi, ila ile chai haikunyweka.

Mchana ukatoka ujumbe wa uongozi, mfumo wetu umeingiliwa na wadukuzi, tulieni, linashughulikiwa. Mi nimekaa nausoma huo ujumbe huku jasho linanitoka na AC inawaka.

Nikamwambia bosi wangu wa IT ukweli, yeye tu, akanitazama muda mrefu kisha akasema rekebisha. Na hapa ndo nilipokosea mara ya pili, na kosa la pili nalionea aibu kuliko la kwanza. Nikashusha jQuery, nikaiweka ndani kwenye seva yetu wenyewe, nikabadilisha linki, nikajaribu nikiwa nimechomoa waya wa intaneti, mshahara haupo. Nikapumua. Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja kwamba tatizo lilikuwa utegemezi wa intaneti, limekwisha.

Wiki mbili baadaye akaja mwanafunzi wa fildi, kijana mpole, hajavaa hata kitambulisho vizuri. Akasimama pembeni ya meza yangu, "samahani kaka, naomba nikuonyeshe kitu". Akaandika kwenye sehemu ya anwani ya brauza, baada ya jina la tovuti yetu:

/_api/web/lists/getbytitle('Wafanyakazi')/items?$select=Title,Mshahara

Akabonyeza enta. Ukurasa ukajaa maandishi mabaya mabaya ya mabano, lakini ndani yake jina, mshahara, jina, mshahara, jina, mshahara. Hakuna fomu, hakuna skripti yangu, hakuna kiboksi. Hiyo anwani inaongea na listi moja kwa moja, na listi inamuuliza swali moja tu, una ruhusa ya kunisoma? Anayo, maana tuliwapa wote, hadi mwanafunzi wa fildi. Nikashuka chini haraka haraka nitafute langu, silioni, nikafarijika kwa sekunde mbili. Kijana akasema taratibu, "inaleta 100 za kwanza tu kaka, ukiongeza hivi zinakuja zote", akaongeza $top=500 mwishoni. Nikajiona.

Sasa tulipoanza kuchunguza vizuri ndo nikagundua kwamba huo mlango wa kijana ulikuwa mmoja tu kati ya mingi. Mtu yeyote kwenye ile listi angeweza kujitengenezea mwonekano wake binafsi na kutiki kolamu ya Mshahara. Kitufe cha kupeleka listi Excel kinachukua mwonekano huo kama ulivyo, kinakupa faili, unaondoka nalo kwenye flashi. Ile ya kutafuta nayo ilikuwa imeshasoma kolamu zote, maana yenyewe haijui kama kuna kitu nimekificha kwenye fomu. Na kubwa kuliko, kuna dada wa mapokezi alikuwa amejiwekea arifa kwenye listi toka 2019, alitaka ajue tu wakiajiriwa wapya aandae vitambulisho, kwa hiyo kila HR akibadilisha kitu kwa mtu yeyote yeye anapata imeili, na mshahara mpya umo ndani. Miaka mitano alijua nani kaongezewa na kiasi gani, hajamwambia mtu. Nikamuuliza dada yangu kwa nini hukusema? "Kaka, si we ndo fundi, nikajua umeniwekea makusudi."

Basi tukafanya kilichotakiwa kufanyika 2018. SharePoint haina ruhusa za kolamu. Unaweza kuweka ruhusa kwenye tovuti nzima, kwenye listi, kwenye folda, hadi kwenye mstari mmoja mmoja, ila kolamu moja ndani ya listi huwezi kuiwekea kufuli lake, na hili ndo watu hawalijui na ndo linawafanya wakimbilie kuficha. Kwa hiyo mshahara ukatoka kabisa kwenye ile listi, ukapelekwa kwenye listi yake peke yake, ikakatwa isirithi ruhusa za tovuti, wakabaki watu watatu wa HR. Kolamu ya zamani nikaifuta, sikuificha, nikaifuta, tukalazimisha injini ya kutafuta isome upya. Kazi ilichukua siku moja na nusu. Mama wa HR sasa ana listi mbili, jambo alilokuwa analikimbia toka mwanzo, na ana haki ya kukasirika. Mafaili ya Excel ambayo watu walishayatoa hatuwezi kuyarudisha, hayo yapo kwenye madesktopu na flashi za watu huko mitaani.

Nimeandika haya yote gazetini kwa sababu nikikaa na wenzangu wa ofisi nyingine, tukiwa wawili watatu, kila mmoja ana mstari wake kama ule. Mwingine kaficha kitufe cha kufuta, mwingine kaficha kolamu ya sababu ya likizo ya ugonjwa, mwingine kaficha listi nzima kwa kuitoa kwenye menyu. Na siwalaumu. Maombi yanakuja kwa lugha hiyo hiyo, "ifiche", na bosi akiangalia kwenye skrini haioni anajua imekwisha. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024, yaani mwezi mmoja tu kabla ya kebo zangu kukatika. Sheria inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Sijui kama ningeweza kusimama mbele ya mtu yeyote nikasema nililinda, nikimwonyesha ule mstari.

Na wapo wanaosema dawa ni kuhamia kwenye wingu. Pengine tutahamia, maana msaada wa Microsoft kwa matoleo ya 2016 na 2019 mwisho wake ni tarehe 14 Julai 2026. Na nisionekane nasema wadukuzi ni hadithi, Julai 2025 lilitokea shimo kubwa kweli, lile lililopewa namba CVE-2025-53770, waliokuwa na seva zao wenyewe kama sisi ndo walioshambuliwa na SharePoint ya wingu haikuguswa, ile wiki sikulala. Kule kwenye wingu vilevile kurasa za kisasa hazina kile kiboksi chetu cha kubandika skripti, na kwenye kurasa za zamani admini akiruhusu skripti kwenye tovuti ruhusa inajirudisha yenyewe kufungwa ndani ya saa 24. Wenzangu wengi walilia, kurasa zao za miaka zikafa. Mi nadhani Microsoft walifanya vizuri japo walitunyang'anya kisu mkononi. Njia ya sasa inaitwa SharePoint Framework, ilitoka Februari 2017, unaandika kodi kwa TypeScript, ndugu yake JavaScript, unaipaki, inaenda kwenye katalogi, admini anaikubali, inajulikana ni ya nani na ilipitishwa lini. Kiboksi changu kilikuwa hakijulikani kipo, ningeacha kazi au ningekufa kingebaki kinafanya kazi peke yake kama jini.

Ila nimewahi kumsikia mshauri mmoja aliyekuja kutuuzia huduma akisema ukitumia hiyo njia mpya basi usalama umekwisha. Hapana jamani. Hiyo kodi nayo inafanya kazi kwenye brauza ya mtumiaji, kwa ruhusa za mtumiaji. Ukificha kolamu kwa kodi nzuri iliyopakiwa na kusainiwa, yule mwanafunzi wa fildi bado ataandika anwani yake na atabonyeza enta. Hata ile ya kupaka rangi kolamu kwa JSON, yaani maelekezo mafupi ya maandishi, waliyoileta 2017, tamu sana, naitumia kila siku kuonyesha mkataba unaokaribia kuisha kwa nyekundu, ni rangi tu.

Kwa vijana wenzangu naongeza kimoja cha ufundi ambacho hakihusiani ila kimenitesa. Mkitengeneza kolamu msiipe jina refu lenye nafasi mara ya kwanza. Mi niliita moja Tarehe ya Kuanza Likizo, nikaja kuitafuta kwenye skripti siioni, kumbe SharePoint kwa ndani imeiita Tarehe_x0020_ya_x0020_Kuanza_x00, kila nafasi imegeuzwa hivyo na herufi zikifika 32 inakata, na hata ukibadilisha jina baadaye lile la ndani halibadiliki milele. Tengeneza kwanza kwa jina TareheKuanza, kisha ubadilishe linaloonekana uweke unachotaka.

Siku hizi ombi likija mezani najiuliza kile cha mzee wa stoo, hii skripti ikigoma kesho asubuhi kitatokea nini? Kikirudi Kiingereza, au wilaya zikarudi kumwagika zote, naandika bila wasiwasi na naifurahia kazi. Kikionekana kitu ambacho mtu hakutakiwa kukiona, nafunga brauza naenda kwenye ruhusa za listi, hata kama aliyeomba kasimama pale na kitumbua.

Na kwa mfanyakazi unayesoma hapa ambaye huna habari na JavaScript, usiende kujaribu ile anwani ofisini kwenu ukaja kusema gazeti limekuambia. Nenda HR uliza kistaarabu, taarifa zangu zipo kwenye listi gani na nani ana ruhusa ya kuifungua listi yenyewe. Usikubali jibu la "haionekani".

Kwetu bado kuna fomu mbili za zamani zina mistari yangu, moja ni ya likizo za ugonjwa. Nimeomba Jumamosi mbili nizitoe watu wakiwa hawapo, bosi kakubali moja, hiyo ya pili anasema tutaona.

Wako,
Fundi wa Kiboksi,
Dar es Salaam